Nitue: mwongozo kamili wa kupata pumziko kwa Mungu unapopita kipindi kigumu

Pale mwaloni Katonga, mahali mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga hapa Kigoma, mwanamke anayefika kwenye chanja na beseni la dagaa wabichi kichwani ana kazi mbili. Ya kwanza ameshaimaliza, kubeba. Ya pili ni kutua, na hiyo haiwezi peke yake. Beseni likiwa limejaa, ukijaribu kuliteremsha mwenyewe shingo inapinda, maji ya samaki yanakumwagikia usoni na nusu ya mali inaishia mchangani. Kwa hiyo anasimama tu, mikono imeshika ukingo, na kumwambia yeyote aliye karibu: "Nitue." Hata mtoto wa darasa la tano akipita ataitwa. Hakuna anayeona aibu kulisema neno hilo.

Mimi niliona aibu kulisema kwa miezi mingi. Baba watoto alipata kiharusi mwanzoni mwa 2024, upande wa kulia ukalala. Tarehe 15 Mei ziwa likafungwa kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane, nasi tunaoishi kwa dagaa tukabaki na mabeseni makavu. Kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kinataka marejesho kila Ijumaa. Jumapili asubuhi nawafundisha watoto kanisani habari za Mungu asiyelala wala kusinzia, na usiku wake mimi pia silali wala kusinzia.

Nimeyapanga niliyojifunza kwa hatua, kwa sababu mtu aliyechoka hahitaji hotuba, anahitaji kuambiwa aanze na nini. Hatua zenyewe hazilingani. Nyingine utaimaliza leo jioni, nyingine mimi bado nahangaika nayo.

Kabla hujaanza: pumziko siyo ganzi

Wahubiri wa huku hupenda mfano wa ziwa: juu mawimbi, chini kabisa utulivu, basi mkristo awe kama kilindi. Nimeusikia mara nyingi na nilikuwa naitikia "amina" kwa nguvu. Ila Tanganyika ina kina cha mita zipatazo 1,470, na ukishapita mita 200 hivi kwenda chini maji hayana oksijeni. Samaki hawaishi huko. Kumetulia, lakini hakuna hewa ya kupumua. Dagaa, migebuka, kuhe, wote wako juu, huko huko kunakopigwa na upepo.

Kuna wiki nilikuwa nimetulia kwa namna hiyo. Sikulia, sikuomba, ukiniuliza habari nakujibu "nzuri tu". Watu wakaisifu imani yangu, kumbe ilikuwa ganzi. Nakupa kipimo nilichokitumia baadaye: ganzi haikasiriki, haicheki, haina hamu ya chakula wala ya watu. Pumziko la Mungu linakuachia machozi yako na kicheko chako. Yesu aliyelala kwenye shetri juu ya mto huku chombo kikijaa maji, Marko 4, ndiye huyo huyo aliyelia kwenye kaburi la Lazaro.

Jambo la pili la kuliweka sawa ni Mathayo 11. "Njoni kwangu, ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo, nami nitawapumzisha." Mstari huo tumeuandika kwenye kuta na kwenye kanga. Unaoufuata hatuuandiki sana, kwa sababu hauleti kitanda, unaleta nira: "Jitieni nira yangu." Kusema kweli ulinikera. Nimechoka hivi, bado waniongezea? Nilikuja kuuelewa nikiwa nasokota ngata, ile kata ya kitambaa ya kuweka kichwani chini ya mzigo. Ngata haipunguzi hata kilo moja ya beseni. Inachofanya ni kulipa beseni mahali pa kukaa, lisikuchimbe utosini. Usianze mwongozo huu ukidhani ukifika mwisho deni litakuwa limelipwa au mgonjwa ametembea. Unatafuta ngata.

Hatua ya kwanza: itie mizigo majina

Chukua daftari la shule na kalamu. Kaa dakika kumi, andika kila kinachokulemea, kimoja kwenye mstari wake. Usiandike "maisha magumu". Huwezi kumkabidhi mtu kitu kinachoitwa "maisha magumu". Hajui akishike wapi. Ukurasa wangu wa kwanza, wa mwezi Juni, ulikuwa hivi:

Marejesho ya Ijumaa, 20,000. Dawa za presha zinaisha Jumatano. Mashuka ya mgonjwa hayajafuliwa. Mkono wake wa kulia. Michango ya chakula shuleni. Hasira yangu na wifi. Je, Mungu ananisikia?

Tazama mashuka machafu yalivyokaa karibu na swali la kama Mungu anasikia. Ndivyo kichwa kilichochoka kilivyo, kila kitu kimetupwa kwenye beseni moja, na ndiyo maana likawa zito. Sasa pitia mstari mmoja mmoja uweke herufi. L, cha leo na kiko mikononi mwangu. W, kinahitaji watu wengine. M, ni cha Mungu peke yake. Sheria ni moja tu: L zisizidi mbili kwa siku. Zikizidi, umejidanganya, ya tatu ni ya kesho.

Vilivyo na M usivisome kimoyomoyo. Vitamke. Petro anaandika katika waraka wake wa kwanza, sura ya 5, "mkimtwika yeye fadhaa zenu zote", na kutwika ni neno letu la mwaloni, kumpandishia mwenzako mzigo kichwani. Ukishamtwika hubaki umeshikilia ukingo na kutembea naye sambamba ukimwelekeza njia. Mimi husema tu: "Mkono wa kulia wa baba watoto, huu nakutwika." Kesho yake utajikuta umeurudisha kichwani kwako bila kujua ulirudi saa ngapi. Mtwike tena. Mkono ule nimeutwika mara nyingi mno hata nimeacha kuhesabu, na sioni tena kuwa huko ni kukosa imani.

Hatua ya pili: kula, lala, na ikibidi nenda hospitali

Eliya alikimbilia jangwani, akakaa chini ya mretemu, akaomba afe. Soma 1 Wafalme 19 polepole uone malaika alimfanyia nini. Hakumhubiria. Hakumuuliza dhambi yake. Alimgusa akamwambia, "Inuka, ule," na pale kichwani palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena, akaamshwa tena ale. Habari za Horebu na ile sauti ndogo ya utulivu zilikuja baadaye, safari ya siku arobaini mbele.

Kwa hiyo usianze na mfungo. Nasema hivi nikijua baadhi ya wapendwa watanuna. Kufunga ni kwema, lakini mtu ambaye tangu juzi amekunywa chai kavu tu kwa mawazo tayari amefunga bila kupenda. Anza na ugali wa muhogo na kipande cha mgebuka, hata kama ni wa kuazima. Weka saa ya kulala na simu ilale chumba kingine. Mimi nikishalala nasoma Zaburi 4, mstari wa mwisho tu, ule wa kujilaza kwa amani na kupata usingizi mara. Siku nyingine usingizi haukuja mara. Nilibaki nimejilaza, na hilo nalo lina faida yake mwilini.

Kuna jambo hapa sitaki lipite haraka. Ikiwa umepita wiki mbili hulali, huli, huna hamu na chochote, au mawazo ya kujidhuru yanakuja, hilo ni la kumwona mhudumu wa afya. Mawazo ya kujidhuru hayasubiri hata kesho: mwambie mtu usiku huo huo, asikuache peke yako, na mwende naye hospitali. Mengine anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Kwa sisi wa mjini ikishindikana huko kuna hospitali ya mkoa ya Maweni. Mwambie mhudumu hivyo hivyo ilivyo, usiseme "kichwa kinauma" kisha ukapewa panado ukarudi. Na asikudanganye mtu kwamba kumeza dawa ni kumvunjia Mungu heshima. Mtu mmoja alimshauri baba watoto aache vidonge vya presha "kwa imani". Nilimkaribisha chai, akanywa, nikamsindikiza hadi barabarani, na vidonge tukaendelea navyo.

Hatua ya tatu: mlalamikie Mungu mwenyewe

Tumelelewa kwamba kulalamika ni dhambi, tunatajiwa wana wa Israeli jangwani. Lakini wale walinung'unika pembeni, wao kwa wao, mlangoni mwa hema. Daudi alikwenda kwa mwenyewe. Zaburi ya 13 ina mistari sita tu, na miwili ya kwanza inarudia "hata lini" mara nne. Ndiyo Biblia hiyo, siyo mtu aliyerudi nyuma.

Itumie kama kielelezo cha kuandikia zaburi yako. Kwanza mwite Mungu kwa jina unalomwita ukiwa peke yako, siyo lile refu la kanisani. Kisha mwambie linalouma, bila kulipamba. Kisha omba kitu kimoja kinachoeleweka. Mwisho, kama unaweza, taja jambo moja alilowahi kukutendea. Nimesema kama unaweza. Zaburi ya 88 haina mwisho huo. Neno lake la mwisho ni la gizani, na bado imewekwa katikati ya nyimbo za kuimbwa hekaluni.

Ya kwangu niliiandika jikoni, kuni zimelowa, moshi unanisaidia kulia watoto wasijue. "Baba. Hata lini nitamgeuza mtu mzima kitandani kama mtoto? Mgongo wangu unauma na sina wa kumwambia. Yeye ananitazama kwa haya, na mimi nakwepa macho yake. Nipe leo tucheke hata mara moja. Ulitupa mtoto wa tatu madaktari wakiwa wamekata tamaa, sijasahau." Haina ushairi. Lakini siku hiyo ndipo ganzi ilianza kuachia, na nakumbuka nilihisi njaa, njaa ya kweli.

Hatua ya nne: dakika kumi za kimya

Watu wengi waliochoka wanaongeza maneno kwenye maombi. Mimi nakushauri uyapunguze.

Usiku wa kawaida ukilitazama ziwa kutoka mlimani utadhani kuna mji mwingine kule majini, kwa wingi wa taa za wavuvi. Zamani karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Lilipofungwa, taa zote zilizimika. Siku za mwanzo giza lile lilinitisha. Halafu nikaanza kutoka saa kumi na moja alfajiri, kabla mgonjwa hajaamka, nakaa kwenye kigoda uani nikilitazama hivyo hivyo lilivyo. Hakuna injini, hakuna anayeita bei. Mawimbi yanasikika kuliko siku zote.

Fanya hivi. Kaa mahali pale pale kila siku, hata kama ni choo cha uani ndicho chenye mlango wa kufunga. Weka alamu ya dakika kumi ili usiwe unatazama saa. Chukua mstari mmoja mfupi, mimi nina Zaburi 62, "Nafsi yangu yamngoja Mungu peke yake kwa kimya." Ukivuta pumzi sema moyoni nusu ya kwanza, ukiishusha sema nusu ya pili. Mawazo yatakuja, marejesho, mashuka, wifi. Usipigane nayo. Rudi kwenye mstari kama unavyomrudisha mbuzi njiani, bila kumpiga. Alamu ikilia sema "asante" uende kuwasha moto. Usijipime kama umehisi kitu. Siku nyingi sikuhisi chochote zaidi ya baridi ya miguu, ila saa nne asubuhi mtu akiniletea maneno, naona kuna mahali ndani ambapo hayafiki.

Jirani yangu wa Ujiji, mama wa Kiislamu, alinikuta siku moja nimekaa hivyo wakati yeye ametoka kuswali alfajiri. Akaniambia kwao imeandikwa katika Sura ya Radi kwamba nyoyo hutua kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu. Hutua! Neno lile lile la beseni. Tulicheka, akaenda zake.

Hatua ya tano: uwe na siku yako ya mbalamwezi

Mvuvi wa dagaa hamfuati samaki wakati wa mwezi mpevu. Taa yake haina nguvu mbele ya mbalamwezi, dagaa hawakusanyiki. Siku hizo mitumbwi inapandishwa mchangani, watu wanashona nyavu, wananyoa, wanalala mchana. Hakuna anayemwita mvivu. Mwezi umeamua.

Sabato ya kwenye Kutoka 20 iko hivyo: haikungoji umalize kazi, inakuja kazi ikiwa nusu. Na katika Walawi 25 hata shamba linapewa mwaka wa saba lipumzike. Nilipokuwa nalilalamikia lile katazo la miezi mitatu, lililotuumiza kweli sisi wenye biashara ndogo, mchungaji wetu alisema ziwa nalo limeingia sabato. Nilimkasirikia wakati ule, kwa sababu ziwa halina kikoba. Sasa naona alikuwa na nusu ya ukweli.

Sitakwambia upumzike siku nzima kama una mgonjwa au mtoto mchanga. Anayesema hivyo hajawahi kuuguza. Tafuta saa tatu kwa juma. Zipange siku mbili kabla: maji yachotwe, maharage yachemshwe, mtu wa kukaa na mgonjwa aitwe. Kwangu ilikuwa Jumapili saa nane hadi kumi na moja. Katika saa hizo usihesabu fedha, usijibu kikoba, usitembelee mtu kwa wajibu. Lala, au nenda ufukweni ukaloweke miguu, au imba. Mara ya kwanza utasikia hatia, kama umeiba. Mara ya nne hivi hatia inachoka yenyewe.

Hatua ya sita: sema "nitue"

Hii ndiyo niliyoichelewesha kuliko zote, na laiti ningeanza nayo. Serikali ina msemo wake wa maji, kumtua mama ndoo kichwani. Kila mtu anaujua kwa sababu kila mtu anajua mama hajitui.

Chagua mtu mmoja, wawili wakizidi. Asiwe yule anayejua yote. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, na hizo zilikuwa siku zao bora. Walipofungua kinywa wakaharibu. Kwa hiyo mtafute mwenye kuweza siku saba za mwanzo. Akianza kuuliza ulimkosea Mungu wapi, mshukuru ubadilishe mazungumzo. Na anayekutaka ulete fedha ili mzigo utoke, awe na mafuta, maji au kitambaa, huyo siyo wa kukutua, anakupunguzia beseni kwa kula dagaa wako.

Usimwambie "niombee" tu. Neno hilo limezoeleka mno, mtu anaitikia huku anaangalia simu. Mwombe kitu chenye saa na kipimo. Nilimfuata wifi, yule yule wa kwenye daftari. Nikasema, "Wifi, nimechoka. Njoo Jumapili saa nane ukae na kaka yako mpaka kumi na moja. Na kabla sijatoka, nishike mkono uniombee, sala fupi." Alinyamaza kidogo, kisha akasema alidhani sitaki mtu aingie chumbani kwa mgonjwa. Miezi mitano alikuwa anasubiri kuitwa.

Kwenye kikoba pia niliomba. Mwenyekiti alisoma katiba, marejesho yakasogezwa majuma sita bila faini. Kifungu hicho kilikuwepo siku zote.

Siku zitakazogoma

Zipo. Utafanya yote haya na saa tisa usiku utakuwa macho, moyo unadunda kama injini ya boti. Siku hiyo usifanye hatua zote sita. Kunywa maji, sema "Bwana, nitue," basi. Ukirudia mara hamsini hadi kupambazuke, umeomba.

Ziwa lilifunguliwa tarehe 15 Agosti. Siku chache baadaye nilipata dagaa kwa mkopo, nikachukua beseni moja dogo hadi nyumbani nikaanike uani. Nilipofika, kijana alikuwa shuleni, wifi hajaja. Baba watoto alikuwa kwenye kiti mlangoni, mkono wa kulia mapajani. Nikasimama mbele yake na beseni kichwani, maji yananitiririka shingoni, sikujua niseme nini. Yeye ndiye aliyesema, kwa ule ulimi wake mzito: "Inama." Nikainama hadi magoti yakagusa chini. Akanyoosha mkono wa kushoto, akashika ukingo, mimi nikashika mwingine. Beseni likalala upande, dagaa kama kilo moja wakamwagika mlangoni, na kuku wote wa mtaa wakafika kabla yetu. Tulicheka mpaka wifi akatukuta hivyo.